Kwa Nini Mwanjelwa Hawaiamini Karatasi ya Bodi ya Ligi

Karatasi yenyewe kila mpenda soka anaijua. Juu kuna nembo ya Bodi ya Ligi Kuu, chini yake maneno ambayo wengine tumeshayakariri: Kamati ya Uendeshaji na Usimamizi wa Ligi katika kikao chake ilipitia mwenendo na matukio mbalimbali ya ligi na kufanya uamuzi ufuatao. Inafuata namba ya mechi, timu na matokeo, halafu hukumu. Klabu hii faini ya sh. 500,000, mashabiki wake walirusha chupa za maji. Ile faini kwa kupeleka maofisa pungufu kwenye kikao cha maandalizi ya mchezo. Nyingine imepita mlango usio rasmi, kosa ambalo kila mtu anajua linatokana na hofu ya ndumba. Mchezaji fulani mechi tatu nje. Mwisho namba ya kanuni, basi.

Ikiingia kwenye makundi ya WhatsApp ya Mbeya, kuanzia Mwanjelwa hadi Uyole, swali la kwanza ni lilelile: "Na wale mbona hawajaguswa?"

Wale, bila shaka, ni Simba na Yanga. Na niseme mapema kwamba wengi wanaouliza hivyo hawajaisoma karatasi yote. Mara nyingi wale nao wamo, ukurasa wa pili, na laki tano zao. Lakini swali halifi kwa jibu hilo, kwa sababu shabiki wa Sokoine, uwanja wetu wa Mbeya, hapingi adhabu. Chupa zilirushwa, alikuwepo, pengine anamjua aliyerusha. Asichokiona ni njia iliyotoka kwenye kosa hadi kwenye hukumu, na asipooneshwa njia hiyo anajichorea ya kwake.

Tuifuate basi.

Mechi ikiisha, watu wanatawanyika kuelekea Kabwe na Mafiati, lakini kesi ndiyo kwanza inazaliwa, na inazaliwa kwenye ripoti. Mwamuzi wa kati anaandika yake: kadi, dakika, namba ya jezi, sababu. Kamisaa wa mchezo anaandika yake: timu zilifika saa ngapi, zilipita mlango upi, benchi la ufundi lilikuwaje, mashabiki walifanya nini. Mtathmini wa waamuzi ana ripoti yake, mratibu wa mchezo naye vilevile. Zote zinakwenda Dar es Salaam, zinakutana mezani kwa kamati ambayo mashabiki wanaiita Kamati ya Saa 72, maana inatarajiwa kukaa ndani ya saa hizo baada ya mchezo.

Kamisaa haadhibu mtu. Anayemtukana kamisaa pale jukwaa kuu kwa sababu ya kifungo cha beki wake anamtukana mwandishi tu. Ila kalamu yake ni nzito kuliko inavyoonekana. Kanuni za Nidhamu za FIFA zinasema yaliyoandikwa na maofisa wa mchezo huchukuliwa kuwa ni kweli mpaka aletwe mwenye ushahidi wa kuyapinga, na mashirikisho hujenga kanuni zao juu ya msingi huohuo. Kwa hiyo mchezaji haingii kwenye kamati akiwa sawa na ripoti. Anaingia akiwa nyuma bao moja.

Na ripoti zinakosea. Mwezi Machi Sokoine, mvua ikinyesha na jezi ya zambarau ya Mbeya City ikiwa imelowa matope mgongoni, namba 5 na namba 6 ni kitu kimoja. Kadi ya njano ikiandikwa kwa mtu asiyehusika, kosa hilo linaweza kukaa wiki mbili bila kuonekana, mpaka kadi zijumlishwe. Kumtambua mtu vibaya ni miongoni mwa makosa machache ambayo kamati inaweza kuyarekebisha baada ya kadi kutolewa. Kama faulo yenyewe ilistahili kadi au la, hapo uamuzi wa refa umeshapita na hakuna kamati itakayouchezea. Mashabiki wengi hupoteza nguvu zao kwenye hili la pili, na lile la kwanza, ambalo lingeweza kushinda, hawaligusi.

Yasiyoandikwa ndiyo yenye utata zaidi. Kiwiko kilichopigwa mpira ukiwa upande wa pili, refa hakukiona, kamisaa alikuwa anaangalia benchi. Hapo inabaki picha. Mbeya tunalo tukio letu. Septemba 2015, Juma Nyosso, akiwa Mbeya City, alimdhalilisha John Bocco wa Azam kwa kumshika makalioni, picha zikasambaa nchi nzima, na adhabu ikawa miaka miwili na faini ya sh. milioni 2. Mapema mwaka huohuo alikuwa ameshafungiwa mechi 8 kwa kosa la aina hiyo dhidi ya mchezaji wa Simba. Hukumu ile siipingi, mtu aliyerudia kosa hana wa kumlilia. Ila angalia ilivyopatikana: picha. Mechi ya watani wa Kariakoo, Simba na Yanga, ina kamera kila kona. Mechi ya Tanzania Prisons, timu ya huku kwetu, saa nane mchana, nani anaangalia upande wa pili wa mpira? Mchezaji wa timu kubwa anaonekana zaidi, na kwa hilo anaadhibiwa zaidi. Ila akifanyiwa yeye, naye ushahidi anao. Wa Prisons akipigwa kiwiko kisichoonekana, anabaki na jino lake mkononi.

Kuna suala la vipimo, na hapa ndipo naona kijiwe kina haki kabisa ya kukuna kichwa. Baada ya watani kutoka sare ya 1-1 tarehe 23 Oktoba 2022, Clatous Chama wa Simba na Stephane Aziz Ki wa Yanga walifungiwa mechi 3 kila mmoja na faini ya sh. 500,000. Kosa lao ni kukwepa kusalimiana na wapinzani kabla ya mchezo. Sasa fungua kanuni za FIFA: kumpiga mpinzani ngumi, teke au kiwiko, kiwango cha chini ni mechi 3. Zile ni kanuni za mashindano ya FIFA na ligi yetu ina za kwake, sawa. Lakini mtu akiona kukataa mkono na kurusha ngumi vinaweza kukaa kwenye mizani moja, ataanza kujiuliza mizani imetengenezwa na nani. Na kesi hiyo iliwagusa "wale" wenyewe, wote wawili. Kwa hiyo tatizo si kwamba wanapendelewa siku zote. Vipimo vyenyewe havieleweki, awe anapimwa mtoto wa Kariakoo au wa Mbalizi.

Faini nazo zina hesabu yake. Laki tano ni laki tano kwa kila mtu, na hapo ndipo usawa unapogeuka. Kwa tiketi ya sh. 5,000, faini hiyo ni mashabiki 100 walioingia kwa ajili ya kuilipa tu. Kwa klabu inayojaza uwanja wa Benjamin Mkapa, ni watu wa mstari mmoja. Kwa klabu ya Championship, ligi ya daraja la pili chini ya Ligi Kuu, inayocheza mbele ya watu mia nne, ni robo ya mlango. Faini tatu kwa mwezi, na usafiri wa kwenda Bukoba haujalipwa.

Nani anakaa mezani? Bodi ya Ligi ni ya klabu zenyewe, na uenyekiti wake umekuwa ukishikwa na viongozi wa klabu: Clement Sanga alikuwa Makamu Mwenyekiti wa Yanga, Steven Mnguto aliyemfuata alitoka Coastal Union. Sisemi kwamba kuna aliyeibeba timu yake, na mwenyekiti wa Bodi siye anayeandika kila adhabu. Nasema shabiki wa Iringa anaona jina, anaona klabu, anamaliza hesabu. Juu ya Bodi zipo kamati za TFF, shirikisho la soka la nchi: Nidhamu, Maadili, na za Rufani kwa kila moja. Kikatiba zinajitegemea. Lakini Julai 2022 Haji Manara, wakati huo msemaji wa Yanga, alifungiwa miaka miwili na faini ya sh. milioni 20 na Kamati ya Maadili ya TFF kwa majibizano na Rais wa TFF, Wallace Karia, kwenye fainali ya Kombe la Shirikisho pale Arusha. Hata ukikubali kwamba Manara alivuka mipaka, na wengi hata ndani ya Yanga walikubali kwamba mdomo wake haukuwa na breki, aliyetukanwa ni mkubwa wa nyumba na kesi ilisikilizwa nyumbani kwake.

Hili si letu peke yetu, na wanaodhani ni ushamba wa soka la Bongo wawatazame Wamarekani. NFL, ligi yao ya mpira wa Kimarekani, ina kamishna, Roger Goodell, aliyeshika kiti mwaka 2006. Kwa mkataba kati ya ligi na chama cha wachezaji, kifungu cha 46, kamishna ndiye aliyekuwa akitoa adhabu kwa mwenendo unaoharibu heshima ya mchezo, na ukikata rufaa, anayeisikiliza ni kamishna yuleyule au mtu aliyemteua yeye.

Januari 2015, New England Patriots waliifunga Indianapolis Colts 45-7, kisha ikadaiwa mipira ya Patriots ilipunguzwa upepo chini ya kiwango, ambacho ni psi (kipimo cha mgandamizo wa upepo) 12.5 hadi 13.5. Tom Brady, mrusha mpira nyota wa Patriots, akafungiwa mechi 4 katika msimu wa mechi 16, yaani robo ya msimu, klabu ikatozwa dola milioni 1 na kunyang'anywa nafasi mbili za kuchagua wachezaji wapya. Goodell akasikiliza rufaa ya Brady, akaikataa. Septemba mwaka huo jaji Richard Berman akaifuta adhabu. Aprili 2016 mahakama ya rufaa ikairudisha, majaji wawili kwa mmoja. Mahakama ile haikukaa kupima kama mipira ilitolewa upepo kweli. Iliuliza kama kamishna alitumia madaraka aliyopewa na mkataba. Wachezaji walisaini, kamishna alikuwa ndani ya mipaka, kesi imekwisha. Brady akakaa nje mechi nne, akarudi, akachukua ubingwa msimu huohuo.

Wachezaji wa Marekani walijifunza. Kwenye mkataba wa mwaka 2020 waliingiza mtu wa kati, anayeteuliwa na pande zote mbili, asikilize kwanza kesi za mwenendo binafsi. Kesi kubwa ya mwanzo ilikuwa ya mchezaji Deshaun Watson mwaka 2022, aliyetuhumiwa kuwadhalilisha wanawake kingono: jaji mstaafu Sue Robinson akampa mechi 6. Ila rufaa walikuwa wameiacha mikononi mwa kamishna. Ligi ikakata rufaa kwa mtu aliyeteuliwa na kamishna, na kabla hajaamua, pande zikapatana: mechi 11 na faini ya dola milioni 5. Kwa uzito wa tuhuma zilizomkabili wapo waliosema mechi 6 zilikuwa dhihaka, na nawaelewa. Lakini kwa anayesoma mifumo, somo ni la mlango. Ukiuziba wa mbele ukauacha wa nyuma, watu watapita nyuma.

Turudi nyumbani, kwenye kesi ambayo kila klabu ya Nyanda za Juu ingepaswa kuifundisha kwa katibu wake mpya. Aprili 2017 Kagera Sugar waliifunga Simba 2-1. Simba wakalalamika kwamba beki Mohamed Fakhi alicheza akiwa na kadi tatu za njano, jambo ambalo wakati ule lilimaanisha kukaa nje mechi inayofuata. Kagera wakakana hesabu hiyo. Kamati ya Saa 72 ikawapa Simba pointi 3. Nchi ikawaka. Suala likapanda hadi Kamati ya Katiba, Sheria na Hadhi za Wachezaji ya TFF, na pointi zikarudi Kagera, hoja za utaratibu wa malalamiko zikiwemo kwenye sababu. Mwisho wa msimu Yanga na Simba walilingana kwa pointi 68, Yanga wakawa mabingwa kwa tofauti ya mabao.

Ubingwa wa nchi ulining'inia kwenye kadi moja ya njano, iliyoandikwa au isiyoandikwa. Mpaka leo kuna watu wa Simba wanaoamini waliporwa na watu wa Yanga wanaoamini walinusurika kuporwa, na wote wawili hawana maandishi ya kutosha ya kumshinda mwenzake. Kadi ya njano ni kitu kinachopaswa kuwa na jibu moja. Ilitolewa au haikutolewa, dakika ya ngapi, kwa nani. Jedwali la kadi la kila mchezaji, likiwekwa wazi kila Jumatatu, lingeiua kesi ile kabla ya kuzaliwa, na halina gharama ya maana.

Waingereza wana jambo moja ambalo ningeliiba bila aibu. Luis Suarez wa Liverpool alipofungiwa mechi 8 na kutozwa pauni 40,000 Desemba 2011, chama cha soka cha kule kilitoa sababu za hukumu zenye kurasa 115. Nani alisema nini, nani aliaminiwa na kwa nini, adhabu ilianzia wapi na iliongezwa kwa lipi. Mashabiki wa Liverpool hawakuridhika, wapo ambao hawajaridhika hadi leo. Lakini waligombana na ukurasa fulani, aya fulani. Everton walipokatwa pointi 10 Novemba 2023, walisoma sababu, wakapata makosa ya kisheria ya kushikilia, na Februari 2024 adhabu ikashuka hadi pointi 6. Sisi tunapewa mstari mmoja na namba ya kanuni. Rufaa unaiandika juu ya nini?

Ndiyo maana yaliyotokea Machi 2025 hayakumshangaza mtu wa Njombe au Mafinga. Simba walizuiwa kufanya mazoezi Benjamin Mkapa usiku wa kuamkia mechi ya watani, wakatangaza hawachezi, na tarehe 8 Machi Bodi ikaahirisha mchezo. Yanga wakadai pointi, wakaenda hadi CAS, mahakama ya michezo, nako wakarudishwa kwa sababu ngazi za ndani hazijamalizwa. Mechi ikachezwa tarehe 25 Juni, Yanga wakashinda 2-0. Miaka minne nyuma, tarehe 8 Mei 2021, zamu ilikuwa ya upande wa pili: muda wa mchezo ulisogezwa mbele, Yanga wakafika kwa ratiba ya awali, wakaondoka, na nao mchezo ukapangiwa siku nyingine. Mara mbili, timu mbili tofauti, na mara zote hakuna aliyepoteza pointi mezani. Je, Tanzania Prisons wangegoma hivyo kwa hoja nzuri tu, Bodi ingewatafutia tarehe nyingine? Sijui mtu hata mmoja kati ya Iringa na Tunduma anayejibu ndiyo.

(Watu wa Ubaruku wana uchungu wao wa pembeni. Ihefu iliyoivunjia Yanga mwendo wa mechi 49 bila kupoteza, Novemba 2022 pale Highland Estates, imehama na kubadilishwa jina, leo ni Singida Black Stars. Hakuna kamati ya nidhamu iliyohusika, lakini ukiwauliza kama wanaamini ofisi za Dar, watakujibu kwa hasira hiyohiyo.)

Basi klabu ya huku ifanye nini, ikijua karatasi inaweza kuja wakati wowote? Isisubiri karatasi. Usiku wa mechi, katibu aandike taarifa ya klabu: kadi zote na dakika zake, waliozishuhudia, na kila tukio lenye utata. Video ya mechi ikatwe kipande cha tukio na sekunde 30 kabla yake, kwa sababu kipande cha sekunde tano hakioneshi nani alianza. Nahodha akiwa na pingamizi, aliseme kwa maofisa wa mchezo kabla hawajaondoka, na barua ifuate ndani ya muda uliotajwa na kanuni za msimu huo, siyo za msimu uliopita, hubadilika. Ada ya malalamiko ilipwe benki, risiti iambatanishwe. Barua iende kwa barua pepe na nakala ngumu yenye mhuri wa kupokelewa, saa ikiandikwa. Ofisi iko zaidi ya kilomita 800 kutoka Sokoine, na barua iliyowekwa kwenye basi la usiku ikafika saa nne asubuhi ikakuta muda umepita imekufa, hata iwe na hoja za dhahabu.

Adhabu ikishatoka, jambo la kwanza ni kuomba sababu kwa maandishi. Kwa kanuni za FIFA, mhusika ana siku 10 za kuziomba. Akizipata ana siku 3 za kutangaza nia ya rufaa na nyingine 5 za kuwasilisha hoja. CAS kwa kawaida ni siku 21, lakini kama Yanga walivyoona, kule huendi kabla ya kumaliza ngazi za hapa. Mahakama za kawaida zisahau, FIFA haizitaki na klabu inaweza kuadhibiwa kwa kwenda tu. Siku na ada za ndani zimo kwenye kanuni za mashindano husika, na ni vizuri kuzisoma kabla ya mechi ya kwanza, zikabandikwa ukutani kwa katibu pembeni ya ratiba.

Na wewe wa kijiweni, karatasi ijayo ikija, tafuta vitu vichache kabla hujauliza kuhusu wale. Tarehe ya tukio na tarehe ya kikao. Chanzo: ripoti, video au malalamiko ya mpinzani. Kanuni iliyotajwa, na kama adhabu iko ndani ya kiwango chake. Kifungo kinaanza lini, na kama kinahesabiwa kwa mechi au kwa miezi, maana miezi mitatu ya mapumziko ya msimu si sawa na miezi mitatu ya Februari. Kanuni za ligi hutolewa kila msimu, zinapatikana kwenye simu, na sura za udhibiti wa wachezaji, viongozi na klabu ziko kuelekea mwisho. Anzia huko.